Plau Ngapi kwa Shamba la Limi

Mvua ya kwanza ilipita Bisibo kama mgeni asiyetaka kuketi. Ililowesha vumbi, ikawanusisha watu harufu ya udongo, kisha ikaondoka kuelekea upande wa Ngara. Kulipopambazuka Limi alishuka shambani peke yake, akachokonoa ardhi kwa kijiti. Unyevu ulikuwa umeingia kiasi cha kiganja. Haukutosha kupanda, lakini ulitosha kulima, na alipolijua hilo alirudi nyumbani kwa haraka kuliko alivyokwenda.

Limi alikuwa mama wa watoto watano. Yeye na mumewe Malongo walihamia huku Biharamulo kutoka Shinyanga, wakiswaga ng'ombe wao, wakati Happyness, mtoto wao wa kwanza, akiwa bado mgongoni. Limi mwenyewe aliacha shule darasa la nne. Majirani walimjua kwa jambo moja: kuogopa upungufu. Akipika, hupika na ya mtu asiyekuwapo. Akienda kutafuta kuni za siku mbili, hurudi na za siku tatu. Watoto wakitoka kwenda kisimani huwahesabu, na wakirudi huwahesabu tena hata kama wote wamesimama mbele yake. Malongo alikuwa na mzaha wake, kwamba hofu ya mkewe ingekuwa na maziwa, wangekuwa matajiri.

Ila mwaka jana hofu hiyo ilikuwa na haki yake, na mzaha ulimkauka Malongo mdomoni.

Wenye maksai wa kitongoji chao walikuwa na chama cha plau. Plau zilikuwa kumi na mbili, zote za namna moja, kila moja na maksai wake wanne. Kila nyumba ilipata asubuhi yake moja ya kulimiwa. Mwenye zamu alitaja mwenyewe idadi ya plau anazotaka, na kila plau aliyoiita alipaswa kuirudishia asubuhi moja kwa maksai wake. Jua likifika utosini, nira zinashuka, shamba liwe limekwisha au halijaisha. Aliyebakiza shamba alirudi nyuma ya foleni, akangoja mpaka nyumba zote zizunguke.

Ndipo ulipokuwa ugumu. Ukiita plau chache, shamba linabaki. Ukiita nyingi, maksai wako wanakuwa watumwa wa kitongoji msimu mzima, na jirani mwenye zamu asubuhi hiyohiyo anakosa.

Mwaka jana Malongo aliita nne. Sehemu ya chini ya shamba, ile inayotazama bonde, ilibaki na majani yake. Zamu ilipowarudia, wenzao walikuwa wanapalilia. Mahindi ya sehemu ile yalichanua jua likiwa kali, yakazaa magunzi matupu, na nyumba ikaishi kwa matobolwa hadi mtoto mdogo akawa akiona kikapu cha viazi vikavu analia. Limi hakuisahau sura ya mtoto yule. Mwaka huu alitaka shamba lote lilimwe asubuhi moja, lipandwe pamoja, liwahi mvua pamoja.

"Baba Happyness," alisema walipokuwa wanakunywa uji, "zamu yetu ni baada ya Magdalena. Umefikiria tuite plau ngapi?"

"Shamba ni ekari nne. Plau moja asubuhi moja inalima ekari moja. Hata mtoto anajua."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Mwaka jana maksai wa watu walikuwa wamekonda."

"Na mwaka huu wamenenepa kwa vumbi hili?"

Malongo alicheka, akafuta uji kwenye masharubu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa kugombana asubuhi. "Basi nenda katazame kwa Magdalena, ukirudi unifundishe."

Alisema kwa utani, lakini siku ya Magdalena ilipofika Limi alikwenda. Magdalena alikuwa mjane wa Kisukuma kama wao, na shamba lake la ekari tatu lilikuwa ng'ambo ya njia. Limi alijitolea kusaidia jikoni, akachagua kukaa na ungo wake mahali anapoweza kuona shamba lote. Kando yake aliketi Bonifasia, jirani Msubi, mzaliwa wa hapahapa, ambaye mumewe alikuwa ndiyo kwanza amenunua maksai na kuingia chamani.

"Mama Happyness, mchele unachagua au unauangalia tu?" Bonifasia aliuliza. "Macho yako yako kwa ng'ombe. Ninyi Wasukuma ng'ombe akipita hamwoni mchanga kwenye mchele."

"Mchanga tutautema. Wewe tazama plau ile ya mwisho. Ilipoanza ilikuwa inakwenda kama harusi. Sasa itazame."

Kweli, maksai walikuwa wanakwenda wakisimama. Kila walipofika mwisho wa mtaro, kugeuka kulichukua muda mrefu kuliko kwanza. Plau zilikuwa nne, ekari zilikuwa tatu. Mtaro wa mwisho ulifungwa maksai wakiwa wametoa ndimi, na jua likiwa hapo juu, limebakiza unyoya kufika utosini.

Limi aliinua ungo, akapepeta, na ndani ya kichwa chake jambo likakaa mahali pake. Plau nne kwa ekari tatu. Ile "plau moja ekari moja" ilikuwa hesabu ya nyumbani Shinyanga, kwenye mchanga mwepesi unaofunguka wenyewe. Watu waliibeba wakaja nayo huku pamoja na vibuyu na viti, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha ilipokutana na ardhi yenye mizizi ya msitu.

Jioni alimweleza mumewe. Aliweka punje nne za mahindi chini, kisha akaongeza.

"Ekari tatu, plau nne. Ekari yetu ya nne inataka plau moja na kidogo."

"Hiyo 'kidogo' tutaipata wapi? Nimwambie jirani Juvenali alete plau nusu, na maksai wawili wachechemee?"

"Plau haikatwi kama muhogo, baba. Ikizidi moja, ni mbili. Tuite mpaka zifike sita."

"Sita!" Malongo alishika kichwa. "Pamoja na yetu?"

"Pamoja na yetu."

"Asubuhi tano za kurudisha. Haya. Bora ulale."

Lakini Limi hakulala vizuri. Kulikuwa na kitu kingine kinamkuna, na hakukijua mpaka kesho yake, alipokwenda na Bonifasia kukata majani ya ukingoni. Shamba la Magdalena alilitazama kwa macho, akalitazama la kwao. Lilikuwa kweli mara moja na theluthi ya lile? Hapana. Lilionekana zaidi.

"Bonifasia, hizi ekari zetu alizipima nani?"

"Si mumeo? Alitembea hatua sabini kwa sabini kama watu wote."

"Kwa miguu ile?"

Bonifasia alisimama na mundu mkononi, akamfikiria Malongo akitembea, kisha akaanza kucheka mpaka akaketi kwenye majani. "Weee! Mbuni yule! Sabini zake wewe unazimaliza kwa mia moja!"

Limi hakucheka. Shamba la Magdalena lilikuwa limepimwa na Mzee Ngassa, mkuu wa chama cha plau, mtu wa kimo cha kawaida. Kwa hiyo alikuwa amechukua kazi ya plau kutoka ekari za Ngassa, akaigawia ekari za Malongo, kama mtu anayeuza kwa debe na kununua kwa ndoo. Alifuta mundu, akaenda moja kwa moja kwa mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Umekimbia nini?"

"Sijakimbia. Naomba miguu yako."

Mzee Ngassa alitazama miguu yake, akamtazama yeye. "Hii imechakaa. Unaipeleka wapi?"

Alipoelezwa alikuja, bila haraka, fimbo begani. Alilitembea shamba upande huu na upande ule, midomo ikihesabu kimya, Malongo akimfuata nyuma mikono mfukoni kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Mzee alipomaliza, alikohoa.

"Hili ni ekari tano. Zimepungua unyoya tu."

"Mzee, mimi nilipima vizuri," Malongo alisema.

"Ulipima vizuri sana. Ila ulipima shamba la majitu."

Hata Limi alicheka hapo. Kisha akarudi kwenye hesabu ya punje kichwani mwake. Ekari tatu plau nne. Ekari nyingine mbili zinataka mbili na nusu na kidogo. Nusu na kidogo haziji zenyewe. Saba. Na kwa sababu ile sehemu ya chini ilikuwa na visiki, na plau ni chuma na chuma huvunjika, alivuta pumzi akasema, "Tunaomba nane, baba."

"Nane hamna," Mzee Ngassa alisema. "Asubuhi hiyo Juvenali naye analima, na anataka tano. Zinabaki saba. Tena hata ningekuwa nazo, nisingekupa kirahisi. Plau zikijaa shambani zinakanyagana kwenye kugeuza. Unadhani umeongeza mkono, kumbe umeongeza kiwiko."

"Na moja ikivunjika?"

"Ikivunjika tutaona."

Limi aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini alipokuwa njiani kurudi alimwambia mumewe, "Hiyo 'tutaona' ndiyo tuliyokula mwaka jana."

Malongo hakumjibu kwa mzaha safari hii. Alimpokea mundu, akaubeba yeye.

Siku ya zamu plau saba zilifika kabla ya jua. Mzee Ngassa aliligawa shamba vipande saba vya urefu, kila plau na kipande chake, ndivyo ilivyokuwa desturi. Anayemaliza kwanza anafungua nira kwanza, anakula kwanza, na anapata haki ya kuwapa waliobaki majina ya mzaha. Kwa hiyo wanaume walilima kwa nguvu na kwa kelele. Jikoni, chini ya banda la majani ya migomba, Limi na Bonifasia walisonga ugali kwenye masufuria mawili makubwa, na maharage na maziwa ya mgando yalikuwa tayari pembeni.

Mwanzo kila kitu kilikwenda. Limi alitoka bandani, akatazama, akarudi. Akatoka tena.

"Utachimba njia," Bonifasia alimwambia. "Keti."

"Nimeketi."

"Umesimama, mama."

Kipande cha chini kabisa, cha visiki, kilimwangukia Nduwayo, kijana mtulivu aliyehamia kutoka Keza na kuoa hapa. Jua lilipokuwa limepanda mti, mlio ulitoka kule, kama sufuria iliyodondoka kwenye jiwe. Maksai wa Nduwayo walisimama. Yeye aliinama, akainua plau, na ncha yake ikabaki ardhini.

Limi alikuwa ameshafika nusu ya njia.

"Imekatika, mama," Nduwayo alisema, akiinua kipande cha chuma kama mtu anayeonyesha jino. "Kisiki kilikuwa kimejificha. Nisamehe."

"Pole wewe. Maksai hawajaumia?"

"Wazima."

"Basi mshukuru Mungu. Nenda kafungue, unywe maji."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini macho yake yalikuwa kwenye kipande. Nduwayo alikuwa amelima kama theluthi moja. Theluthi mbili zilikuwa na majani yake, palepale, bonde lilelile la mwaka jana. Alitazama juu. Jua lilikuwa bado na safari, ila si ndefu. Alitazama wengine sita. Walikuwa wanakaribia kumaliza, na kila mmoja alikuwa anakimbilia mwisho wa kipande chake. Kwa desturi, kipande cha plau iliyovunjika kilikuwa msiba wa mwenye shamba. Hakuna aliyekatazwa kukisaidia, lakini hakuna aliyekiona kama chake.

Wa kwanza kumaliza alikuwa Juma Luqmani, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini aliyeingia kwenye kilimo na kutaka kuwaonyesha Wasukuma kazi. Wa pili, kwa fedheha ya nyumba nzima, alikuwa Malongo mwenyewe. Alifika mwisho, akapiga mluzi, akaanza kuinua nira kwenye shingo za maksai, kana kwamba kipande kilichobaki si cha shamba lake.

Limi alirudi bandani karibu akikimbia.

"Funika masufuria," alimwambia Bonifasia.

"Ugali umeiva."

"Najua umeiva. Funika. Na maziwa."

Bonifasia alimtazama, akaelewa, akafunika masufuria kwa majani ya migomba, kisha akaketi juu ya kinu mbele yake kama askari.

Luqmani alikuja akinawa mikono. "Mama Happyness, mshindi amefika. Chakula!"

"Bado hakijaiva, baba."

"Hakijaiva? Mbona harufu imenifuata tangu kule chini?"

"Harufu imetangulia. Chakula kinakuja nyuma," Bonifasia alisema.

Malongo naye akafika. Alinusa, akamwangalia mkewe. "Mama Happyness, watu wamefanya kazi."

"Wamefanya, nami nawashukuru. Lakini ugali wangu leo unaivia kule." Alinyoosha mkono kuelekea kipande cha Nduwayo. "Majani yale yakiisha, na wenyewe utakuwa umeiva."

Wanne waliobaki walikuwa wamemaliza vipande vyao na walikuwa wanakuja, na yule wa mbele alisikia maneno ya mwisho. Alisema kwa sauti ya kuudhika kwamba yeye alikuja kulima kipande kimoja na amelima kipande kimoja, na kwamba kwao mgeni hafungiwi sufuria.

Limi hakuwa mwanamke wa kusema mbele ya wanaume. Alimtafuta Mzee Ngassa kwa macho, akamwona ameegemea fimbo yake, anatazama jua.

"Baba," alisema, "si kwa jeuri. Sikuwaita plau saba kwa ajili ya vipande saba. Niliwaita kwa ajili ya shamba moja. Kama lingekuwa limebaki katikati pangeonekana, na kila mtu angeona aibu. Limebaki chini, halionekani, ndiyo maana mnanawa mikono. Mimi naliona. Nimeliona mwaka mzima."

Mabega ya mzee yakatikisika, na watu wakajua anacheka.

"Mwenye shamba ndiye mwenye chungu," alisema. "Jua halijafika utosini, na nira zenu zimeshuka kwa sababu ya pua, si kwa sababu ya jua. Haya, rudini."

Sita wote wakageuka kurudi, wengine wakicheka, yule aliyeudhika akinung'unika. Lakini Limi aliziona plau sita zikielekea kwenye kipande kile chembamba, akakumbuka maneno ya kiwiko.

"Si wote!" alipaza sauti. "Mtakanyagana! Watatu wanatosha. Wenye maksai ambao bado wana pumzi. Wengine njooni mle."

"Sasa umeiva?" Luqmani aliuliza.

"Kwa watu watatu umeiva."

Kicheko kilipasuka hata kwa yule mnung'unikaji, naye akawa wa kwanza kuketi kwenye mkeka. Mzee Ngassa alichagua maksai kwa kuwashika mbavu. Maksai wa Malongo walikuwa kati ya watatu, na hakuna aliyeuliza kama ni haki. Plau zilifuatana mtaro kwa mtaro, ya pili ikiingia ya kwanza ilipokwishageuka, bila kugongana. Nduwayo, asiye na plau, alitangulia mbele yao akipekua majani kwa jembe, akichomeka kijiti kila alipokuta kisiki.

Limi hakurudi bandani. Alisimama ukingoni, kitenge kimekazwa kiunoni, na safari hii hakuna aliyemwambia aketi. Majani yalipungua. Ukanda ukawa kama mkeka, ukawa kama mshipi. Kivuli chake kilijikusanya miguuni hadi akawa anakikanyaga. Malongo alifunga mtaro wa mwisho akiwa amelowa jasho, akaangusha mjeledi, akasema, "Mwambie mpishi."

Kilibaki kipembe kati ya visiki viwili ambamo plau isingeweza kugeuka. Siku ileile jioni Limi na Happyness walikilima kwa jembe la mkono.

Suala la malipo lilitokea wakati wa kula. Mmoja alisema plau ya Nduwayo haihesabiki, kwa kuwa haikumaliza. Malongo alimtazama mkewe, akasubiri.

"Ilikuja," Limi alisema. "Nilipoiita sikuiambia isivunjike. Asubuhi sita, na ya kwanza tutaanzia kwa Nduwayo."

Nduwayo alitaka kukataa, lakini Malongo alikuwa ameshatoa simu, anampigia mtu wa bodaboda anayekwenda Biharamulo mjini, amletee ncha mpya.

Mvua kubwa ilikuja siku chache baadaye, mchana, ikakaa. Ilipopungua walitoka wote saba kupanda. Happyness alichimba, wadogo zake wakadondosha mbegu, Malongo akafukia kwa mguu wake mrefu. Limi alianzia chini, kule bondeni, akapanda akipandisha. Udongo ulikuwa mweusi na laini, wa rangi moja kutoka huku mpaka kule. Mara mbili alisimama kuhakikisha kwamba hauna mahali palipokatika.

Bonifasia alimkuta hapo, kajitwika ungo kichwani kwa sababu ya manyunyu.

"Mama Happyness, zamu yetu inakuja. Mume wangu anasema tuite plau tatu. Wewe unasemaje?"

Limi alidondosha mbegu mbili, akaongeza ya tatu, akafukia.

"Sijui," alisema. "Alipima nani?"

"Alipima mwenyewe."

"Nimalizie mstari huu, kisha twende nikalione."